Bastola Ndogo, Bei Ndogo

Jumamosi moja ya mwezi wa kumi mwaka jana, watatu kati yetu tulimsindikiza mzee mmoja kwenye duka la bunduki nje kidogo ya mji. Ni mjomba wa mwanachama mwenzetu. Alizaliwa Fizi, Kongo, akakaa kambi ya Nyarugusu kule Kigoma miaka mingi, akaletwa hapa Tennessee, na sasa ni raia wa Marekani. Usiku anaendesha teksi. Abiria wamemgeukia mara mbili, na mara ya pili waliondoka na simu, pesa na jino lake moja. Kiingereza chake kinatosha kwa abiria lakini hakitoshi kwa karatasi za serikali, ndiyo maana akatuita.

"Batoto," alituambia garini, "ninatafuta kale kadogo ka kuweka mfukoni. Na kasiwe ka bei ya kunimaliza."

Muuzaji alitandaza kitambaa juu ya kioo akaweka rivolva tatu. Ya kwanza, ya Smith & Wesson, ilizidi dola 450. Ya pili, ya Ruger, haikuwa mbali nayo. Ya tatu, Taurus, kampuni ya Kibrazili yenye kiwanda pia Georgia, ilikuwa chini ya dola 400. Kabla mjomba hajaigusa hata moja, muuzaji alituuliza sisi wengine kama ni raia. Tukamwambia ni wanafunzi, tuko kwa viza. Akatuomba kwa adabu tusishike kitu. Tukatia mikono mifukoni, tukabaki watafsiri tu.

Safari ile ndiyo iliyozaa makala hii. Tulidhani tunakwenda kujibu swali la soko: ipi ndogo, ipi nafuu, ipi haitamwangusha mzee saa tisa ya usiku. Tuliporudi maktaba tukakuta kwamba swali la mjomba lina umri wa miaka 150, na kwamba nchi hii imelijibu kwa sheria mara nyingi. Jambo lililotushangaza ni kuona jinsi sheria hizo, mara kwa mara, zilivyoikamata bastola ya bei rahisi na kuiacha ya bei ghali ipite.

Kwanza tuelewane kuhusu chombo chenyewe. Kiswahili chetu kinaziita bastola silaha zote za moto zinazoshikwa kwa mkono mmoja. Dukani wanazigawa. Rivolva ni ile yenye silinda inayozunguka, matundu matano au sita, kila tundu na risasi yake. Ukivuta triga, silinda inageuka, nyundo inapiga, basi. Mtu kama mjomba huipenda kwa sababu haina mambo mengi: risasi moja ikigoma, unavuta tena na silinda inaleta nyingine. Katika zile zilizokuwa mezani, nyundo ilikuwa imefichwa ndani ili isinase kwenye nguo. Ubaya wake ni kwamba hii ndogo ni ngumu kuitumia kuliko inavyoonekana. Mtutu wake ni wa inchi mbili hivi, triga yake nzito, na kwa kuwa ni nyepesi inaruka mkononi kila inapolia. Muuzaji, na tunamheshimu kwa hilo, alimwambia mzee wazi kwamba bila mazoezi atakosa shabaha ya hatua chache.

Mvumbuzi anayetajwa kila mahali ni Samuel Colt, aliyepata hataza yake ya Marekani mwaka 1836. Alilinda haki hiyo hadi 1857, na rivolva zake nyingi zilizojulikana zilikuwa kubwa, za wapanda farasi na askari. Bastola ya kufichwa ya siku hizo ilikuwa nyingine: kipande kifupi cha risasi moja kilichotengenezwa na Henry Deringer wa Philadelphia. Ndicho kilichomuua Rais Lincoln mwaka 1865.

Hataza ya Colt ilipokwisha, Smith & Wesson walikuwa wamejiandaa. Mwaka huohuo wa 1857 walitoa rivolva ndogo ya risasi saba iliyotumia risasi zenye ganda la chuma. Mtu hakuhitaji tena kumimina baruti tundu kwa tundu. Ufundi wa kutoboa silinda upande hadi upande haukuwa wao. Ulikuwa wa Rollin White, aliyepata hataza mwaka 1855, nao wakamlipa senti 25 kwa kila bastola. Kwa senti hizo waliwafungia wenzao wote mlango hadi 1869. White alipotaka kuongezewa muda, Rais Grant alikataa.

Hapo viwanda vya Massachusetts na Connecticut vikafurika. Mmoja wa waliochangamkia ni Iver Johnson, mhamiaji kutoka Norway, aliyeanza kazi na mwenzake mjini Worcester mwaka 1871. Bastola za wakati huo zilikuwa za risasi ndogo, triga bila kikingio, sehemu nyingi zimemiminwa kwenye kalibu badala ya kuchongwa, na ziliuzwa kwa dola chache tu, hata kwa posta. Zilipewa majina ya kuvutia wateja. Moja iliitwa Mlinzi. Nyingine iliitwa Kitisho cha Wazururaji. Jina hilo la pili linatueleza mengi, maana miaka ya 1870 nchi ilijaa watu wasio na kazi waliotembea kufuata reli, na mwenye duka aliwaogopa. Mzururaji naye, ukifikiri, aliweza kuinunua bastola hiyohiyo.

Wakusanyaji wa vitu vya kale walikuja kuzibandika jina baya zaidi karne iliyofuata: bastola za kujiulia. Ilikuwa dhihaka kwamba zinamdhuru mwenyewe kabla ya adui. Tulicheka tuliposoma. Kisha tukaona takwimu za serikali za mwaka 2021: watu 48,830 walikufa kwa bunduki Marekani, na 26,328 kati yao walijiua wenyewe. Hatukucheka tena, na jambo hili tutalirudia.

Sasa tufike nyumbani kwetu, Tennessee. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikwisha mwaka 1865, na watu waliotoka utumwani wakawa raia wenye haki ya kumiliki silaha, walau kwenye karatasi. Kundi la Ku Klux Klan lilianzishwa katika mji wa Pulaski, jimbo hilihili. Usiku wapanda farasi waliofunika nyuso walizunguka wakiwapokonya Weusi bunduki zao. Baadaye sheria za jimbo zikaanza kufuatana. Mwaka 1870 kubeba bastola ya mfukoni kulipigwa marufuku, na mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ya Tennessee ikasema kwamba silaha ya aina ya jeshi ina ulinzi wa katiba. Bunge likatumia kauli hiyo kama kipimo. Mwaka 1879 likapiga marufuku kuuza bastola zote za mkandani na za mfukoni, isipokuwa za jeshi la nchi kavu na za jeshi la maji.

Tusome tena kifungu hicho polepole. Bastola za jeshi zilikuwa kubwa, nzito na za bei. Maafisa wa zamani wa upande wa Kusini walikuwa tayari wanazo, wamerudi nazo kutoka vitani. Kilichoondolewa dukani ni kile ambacho mkulima mwenye nusu ya mavuno, akidaiwa na tajiri wa shamba, aliweza kukilipia. Arkansas ikafuata kwa sheria ya namna hiyo mwaka 1881.

Wapo wanahistoria wanaopinga usomaji huu, nasi hatuwapuuzi. Wanasema sheria hiyo haitaji rangi, kwamba Wazungu pia walishtakiwa, na kwamba bastola za mfukoni kweli zilikuwa zikiua watu vilabuni na barabarani. Yote ni sawa. Lakini sheria inaweza kuwa kipofu wa rangi huku ikiona bei vizuri sana, na katika Kusini ya 1879 aliyejua bei alijua na rangi. Hatuhitaji kusoma mioyo ya wabunge wale. Inatosha kuuliza ni nani, asubuhi ya pili, alikwenda dukani akakuta bado anaweza kununua.

Mtu aliyetufanya tulione jambo hili kwa macho ni Ida B. Wells. Alikuwa mwalimu kisha mwandishi wa gazeti mjini Memphis. Mwezi wa tatu mwaka 1892 watu watatu Weusi waliokuwa na duka la vyakula, Thomas Moss, Calvin McDowell na Will Stewart, walitolewa jela na genge na kuuawa kwa risasi. Kosa lao kubwa lilikuwa kumharibia biashara Mzungu mwenye duka la jirani. Moss alikuwa rafiki wa Wells, naye ndiye mama wa ubatizo wa binti yake. Katika kumbukumbu zake Wells anaeleza kwamba baada ya mauaji hayo alinunua bastola, kwa sababu alitarajia kushambuliwa na hakutaka kufa bila kujitetea. Mwezi wa tano, akiwa safarini kaskazini, ofisi ya gazeti lake ilivunjwa naye akaonywa asirudi. Hakurudi Memphis kuishi. Mwaka huohuo aliandika kwamba bunduki ya Winchester inastahili mahali pa heshima katika kila nyumba ya Mtu Mweusi.

Walimu wetu wanatukumbusha kila muhula tusimgeuze mtu wa zamani kuwa msemaji wa ubishi wa leo. Basi tuseme hili tu: Wells hakuwa akiwaza michezo wala uwindaji. Alikuwa mwanamke mfupi, peke yake, katika mji ambao sherifu hangekuja. Mtu wa namna hiyo anahitaji silaha inayoingia kwenye mkoba, na hiyo ndiyo sheria ya jimbo lake ilikuwa imeiondoa dukani miaka 13 kabla.

Kama mtu bado ana shaka, ukiri wa wazi ulitoka Florida. Jimbo hilo mwaka 1893 liliweka sharti la leseni na dhamana ya dola 100 kwa bunduki za kurudia risasi, na mwaka 1901 likaikaza sheria hiyo, bastola zikiwemo. Dola 100 kwa kibarua wa kambi za mbao na utomvu ni kama kumwambia aende mwezini. Mwaka 1941 jaji mmoja wa Mahakama ya Juu ya Florida, Rivers Buford, akitoa maoni katika kesi ya mtu aliyekutwa na bastola garini, aliandika kwamba sheria ile ilitungwa kuwanyang'anya silaha vibarua Weusi, na kwamba haikukusudiwa kamwe kutumika kwa Wazungu. Aliandika bila haya, kama mtu anayeeleza hali ya hewa.

Kaskazini aliyeogopwa alikuwa mhamiaji. Mwaka 1901, mjini Buffalo, Leon Czolgosz, mtoto wa wahamiaji wa Kipolandi, alimpiga risasi Rais McKinley kwa rivolva ndogo ya Iver Johnson aliyoificha chini ya leso. Aliinunua kwa dola 4 na senti 50. Miaka kumi baadaye, 1911, New York ikapitisha sheria ya Sullivan: bila kibali cha polisi, hakuna bastola inayoweza kufichwa. Waitaliano walikuwa miongoni mwa wa kwanza kukamatwa.

Karne ya ishirini ilipoendelea, bastola ndogo ikapata sura mbili. Mwaka 1927 Bunge la Marekani lilikataza bastola kupelekwa kwa posta ya serikali, ingawa kampuni binafsi za mizigo ziliendelea kuzibeba. Mwaka huohuo Colt ilitoa rivolva fupi ya risasi sita kwa ajili ya wapelelezi. Mwaka 1950 Smith & Wesson wakaleta yao ya risasi tano, wakaionyesha kwenye mkutano wa wakuu wa polisi huko Colorado, na wakuu hao wakaipigia kura jina. Ndiyo babu wa ile ya kwanza aliyowekewa mjomba kwenye kitambaa. Tazama basi: kitu kilekile, chenye mtutu uleule mfupi, kikiwa kiunoni mwa mpelelezi ni chombo cha kazi, na kwenye filamu ni pambo la shujaa.

Wakati huohuo, mjini Montgomery, Alabama, mwezi wa kwanza wa 1956, nyumba ya mchungaji kijana aliyeongoza mgomo wa mabasi ililipuliwa kwa bomu, mkewe na mtoto wao wakiwa ndani. Martin Luther King aliomba kibali cha kubeba bastola. Akanyimwa. Wengi wetu tulikuwa hatujui kwamba aliomba. Baadaye aliachana kabisa na silaha, na uamuzi huo una uzito zaidi ukijua kwamba hakuufikia kwa sababu hakuwahi kuogopa.

Mwaka 1963 Lee Harvey Oswald, aliyemuua Rais Kennedy kwa bunduki ndefu, alimuua pia askari polisi J. D. Tippit kwa rivolva. Ilikuwa mtumba wa vita, Smith & Wesson iliyotengenezwa kwa ajili ya Uingereza, mtutu wake ukakatwa kubaki inchi mbili na robo, ikauzwa kwa agizo la masafa kwa dola 29.95. Mwaka 1968 King aliuawa Memphis, safari hii kwa bunduki ndefu. Miezi miwili baadaye Robert Kennedy alipigwa risasi Los Angeles kwa rivolva ya Iver Johnson, kampuni ileile ya 1901. Katikati ya vifo hivyo miji iliwaka moto kwa ghasia, na televisheni ikaonyesha vijana Weusi wenye hasira.

Sheria ya Kudhibiti Bunduki ilitiwa saini na Rais Johnson mwezi wa kumi wa 1968. Msukumaji wake mkuu alikuwa Seneta Thomas Dodd wa Connecticut, jimbo la Colt. Ilikomesha biashara ya kuagiza bunduki kutoka jimbo hadi jimbo kwa mtu wa kawaida, na ikazuia kuingizwa nchini kwa bastola zisizofaa kwa michezo. Maofisa wakatengeneza fomu ya alama. Rivolva ya kutoka nje yenye mtutu usiofika inchi tatu haikupita hata mlangoni. Iliyopita ilipimwa uzito, urefu, na aina ya kilengeo. Lakini kiwanda cha Massachusetts kingeweza kutengeneza mtutu wa inchi mbili siku nzima na kuuza bila kuulizwa. Mlango wa nje ulifungwa, wa ndani ukabaki wazi. Tunasita kuuita ulinzi wa afya ya umma. Tunaona zaidi ulinzi wa soko, ingawa waliolilia sheria hiyo walikuwa wakizika watu wao kwelikweli.

Bastola za bei rahisi zilikuwa zimepewa jina: za Jumamosi usiku. Jina hilo lilikuwa na harufu. Mwandishi Robert Sherrill, katika kitabu cha 1973 chenye jina hilohilo, alisema sheria ya 1968 haikutungwa kudhibiti bunduki bali kuwadhibiti Weusi. Sherrill hakuwa mpenzi wa bunduki, na ndiyo sababu maneno yake yanatajwa hadi leo na pande zote mbili.

Soko, kama maji, lilipata ufa. Kampuni ya Kijerumani ya Röhm haikuweza kuleta bastola nzima, basi ikaleta vipande, vikaunganishwa Miami chini ya jina la RG. Upande mwingine, mhandisi kijana Douglas McClenahan, aliyewahi kufanya kazi Colt na Ruger, alikuwa ameanzisha Charter Arms huko Connecticut mwaka 1964. Alibuni rivolva ya risasi tano yenye vipande vichache kuliko za wenzake, fremu yake bila kifuniko cha pembeni, na uzito wa gramu 450 hivi, chini ya nusu kilo ya sukari. Hii ilikuwa bora kwa haki yake: bei ya mtu wa kawaida, si takataka. Wauza maduka na wauguzi wa zamu za usiku waliweza kuimudu. Hata hivyo ndiyo iliyotumika kumuua John Lennon mwezi wa kumi na mbili wa 1980.

Miezi minne haikupita. Tarehe 30 Machi 1981 John Hinckley alimfyatulia risasi Rais Reagan kwa RG aliyoinunua Dallas, katika duka la rehani, kwa chini ya dola 50. Watu wanne walijeruhiwa. Msemaji wa Rais, James Brady, alipigwa kichwani akaishi na ulemavu hadi alipokufa 2014, na sheria ya 1993 ya kumkagua mnunuzi ina jina lake. Mwaka 1985 mahakama ya juu ya Maryland iliamua kwamba mtengenezaji wa bastola za Jumamosi usiku anaweza kudaiwa fidia na aliyepigwa nayo. Iliyoshtakiwa ilikuwa hiyohiyo RG. Miaka mitatu baadaye bunge la Maryland lilifuta dai hilo na kuweka mahali pake bodi ya kuorodhesha bastola zinazoruhusiwa kuuzwa, na wananchi wakaikubali sheria hiyo kwa kura.

Hapa sisi wenyewe tuligawanyika, na mjadala wa chama ulikwenda hadi walinzi wakataka kufunga jengo. Baadhi yetu walisema: bastola mbovu ya dola 50 ni hatari, inaweza kumpasukia mtu mkononi au kufyatuka ikianguka, serikali inayokataza dawa bandia kwa nini isikataze hii? Wengine wakajibu kwamba dawa ikikatazwa maskini hupewa nyingine, lakini bastola ikikatazwa maskini huambiwa aite polisi, na polisi huchelewa kufika mitaa hiyohiyo. Dada mmoja, anayesomea uuguzi na anayefanya mafunzo katika chumba cha dharura, alinyamaza muda mrefu kisha akasema kwamba kwenye vitanda vyake hajaona tofauti kati ya risasi ya bei ghali na ya bei rahisi. Hakuna aliyemjibu.

Tangu hapo upepo umegeuka. Florida mwaka 1987 ilianza kutoa kibali cha kubeba kwa kila anayetimiza masharti, na majimbo mengi yakaiga. Tennessee, iliyopiga marufuku kuuza bastola ya mfukoni mwaka 1879, mwezi Julai 2021 ilianza kumruhusu mtu mzima wa miaka 21 asiye na kizuizi cha kisheria kubeba bila kibali chochote, wazi au kwa kuficha. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha sharti la New York lililotokana na sheria ya Sullivan, kwamba mwombaji aonyeshe sababu maalumu. Miongoni mwa walioiandikia mahakama kuunga mkono ubatilishaji walikuwemo mawakili Weusi wa watetezi wa umma wa New York. Walisema wateja wao Weusi na wa asili ya Kilatini ndio waliokuwa wakifungwa kwa sheria ile. Wenye uwezo walipata vibali.

Mabadiliko haya yote yalikuwa yanakutana juu ya kitambaa kile dukani. Sisi tulibaki nje ya duara kwa sheria nyingine tena: mwaka 1997 mgeni aliyeingia kwa viza alinunua bastola Florida na kufyatua juu ya jengo la Empire State, na mwaka uliofuata Bunge likawazuia wenye viza za muda kumiliki bunduki, isipokuwa kwa sababu chache kama leseni ya kuwinda. Hatulalamiki. Hata hivyo tulitambua kwamba kati yetu na mjomba, watu wa lugha moja na safari zinazofanana, kulikuwa na mstari uliochorwa na karatasi.

Mjomba alichagua Taurus. Akaletewa fomu ya shirikisho, ambayo nayo ni mtoto wa sheria ya 1968. Tukamsomea maswali: umewahi kuhukumiwa, unatumia bangi, uraia wako. Tukafika kwenye kisanduku cha rangi.

"Hapa wanataka nini?"

"Mweusi, Mjomba. Ndicho walichokiweka."

"Na Mubembe iko wapi?"

Akaweka alama. Akalipa dola 10 za ukaguzi wa jimbo, tukasubiri kama robo saa, muuzaji akapokea jibu na kutikisa kichwa kwamba sawa.

Nyumbani kwake jioni ile tulikaa mezani tukimfasiria kijitabu cha maelezo, chai ikipoa. Mkewe aliuliza bei, na mzee akataja nusu ya aliyolipa. Mama hakubishana na bei. Aliitazama ile boksi, akawatazama wajukuu wanne waliokuwa sakafuni na katuni zao, na kijana wao wa miaka 16 ambaye tangu mwaka uanze haongei na mtu, akauliza: "Na itakaa wapi?"

Mzee hakuwa amefikiria. Garini, alisema, kisha akasema kabatini, kisha akanyamaza. Mama akaifunga boksi kwa kitenge, akaiweka juu ya kabati la vyombo, akavuta kiti akakaa chini yake.

Jumatatu tulirudi tena na mjomba, kutafuta kisanduku cha chuma chenye kufuli.